Miraba Myeusi na Myeupe: Miaka Yangu ya Kutunga Mafumbo ya Maneno

Nimestaafu kabla ya kupata mvi. Gazeti letu la wiki, lililosomwa kuanzia Embu hadi Meru, limeacha kuchapwa kwenye karatasi, na kazi yangu ilikuwa ya karatasi. Nilitunga fumbo la maneno, ile kona ya miraba myeusi na myeupe ambayo watu wengi waliifungua kabla ya habari na wachache walikubali hadharani kwamba hufanya hivyo. Vijana mnaobaki na tovuti mmeniomba niandike jinsi kazi ile ilivyofanywa. Mwanzo huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, hadi nikaona nikiendelea hivi nanyi mtastaafu sijamaliza. Mnisamehe palipo na kasoro. Mimi sitajisamehe, lakini hiyo ni tabia yangu, si mzigo wenu.

Nilizaliwa Kibirichia, huko Meru, kwenye viazi na baridi. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, na upepo ulipita kati ya mbao kama mgeni aliyealikwa. Kila mwaka kabla ya miezi ya baridi mama alikoroga unga wa ngano na maji ya moto, akabandika magazeti ya zamani ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Kwa hiyo nilijifunza kusoma nikiwa nimelala. Kando ya kitanda changu palikuwa na fumbo la Kiswahili, na mama alikuwa amelibandika kichwa chini, maana yeye alikuwa akiziba upepo, si kunisomesha. Nililijaza nikiwa chali, shingo imepinda, kwa kipande cha penseli.

Taabu ilikuwa majibu. Majibu yalitoka katika toleo la wiki iliyofuata, na toleo la wiki iliyofuata halikuwa kwenye ukuta wetu. Huenda lilimfungia mtu nyama huko Meru mjini. Nilijaza neno, nikalitilia shaka, nikalifuta kwa kidole na mate, nikajaza tena. Mwishowe karatasi ilitoboka na upepo ukaingia.

Mama alisimama mlangoni akatazama. "Kanana, sasa umejaza ama umetoboa?"

Sina cheti cha kazi hii. Hakuna mahali nilipoisomea zaidi ya pale ukutani. Wasiwasi wangu pia nadhani nilipewa palepale, bila cheti.

Baada ya shule ya upili nilishuka Embu kwa shangazi yangu, nikapata kazi ya dirishani katika ofisi ya gazeti. Nilipokea matangazo madogo: shamba linauzwa, ndama amepotea, familia inawashukuru wote waliosimama nayo. Siku ya kwanza nilipewa tangazo la ng'ombe aliyepotea. Niliandika kwamba ana doa jeupe pajani, nikakata, nikaandika paja la kushoto, nikakata, nikamuuliza mwenyewe kama doa lile ni la mviringo. Mzee yule aliegemea dirisha akaniangalia kwa huruma.

"Msichana wangu," akasema, "unavyoendelea kuandika, ng'ombe anaendelea kutembea."

Kila Jumatatu aliingia pale mtu mrefu mwenye koti la kijivu na bahasha ya kaki kwapani. Huyo alikuwa Mwalimu Ireri, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka upande wa Gachoka. Ndani ya bahasha ndimo lilimokuwa fumbo la wiki. Hakukubali kulituma na mtu. Alisema fumbo likikunjwa vibaya linapoteza adabu. Nilimtazama kwa majuma mengi kabla sijathubutu kumuuliza lile swali lililonisumbua tangu Kibirichia.

"Mwalimu, mtu akijaza fumbo na asipate kuona majibu, anajuaje kwamba amepata?"

"Anaona maneno yanashikana. Neno linalokwenda kulia likikutana na linaloshuka chini, na herufi ni ileile, basi kila moja ni shahidi wa mwenzake."

"Na kama mashahidi wote wawili wamedanganya?"

Aliweka bahasha chini, akanitazama juu ya miwani. "Mtu wa kawaida hawezi kuuliza hivyo. Wewe unatoka wapi?"

"Kibirichia, Mwalimu."

"Ni baridi," akasema, kama daktari aliyepata jina la ugonjwa. "Jumatatu ijayo uje na daftari la hesabu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Vifaa vyake vilikuwa daftari la shule lenye miraba, penseli laini, raba, rula ya mbao na wembe wa kuchongea. Kalamu ya wino hakuiruhusu mezani. Alisema anayejaza fumbo ana haki ya kutumia kalamu akitaka kujionyesha, lakini anayetunga hana. Kulikuwa pia na kamusi yake iliyopasuka mgongo na kushonwa kwa uzi wa gunia. Saa ya chakula cha mchana tulikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi, yeye akila ndizi mbivu, mimi nikichora miraba na kuifuta.

Wakati huohuo ndipo aliponipa historia ya kitu chenyewe. Mimi nilidhani fumbo la maneno ni la tangu enzi na enzi. Kumbe lilianzia kwenye gazeti la Marekani muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mtu wa ukurasa wa burudani alitaka kitu kipya cha toleo la karibu na Krismasi, akachora miraba iliyokaa kwa umbo la almasi, katikati kukiwa na tundu. Miaka michache baadaye Wamarekani walikuwa wamerukwa na akili, wakisafiri kwa treni na kamusi mikononi. Waingereza waliwacheka, kisha wakaambukizwa. Kwetu lilikuja ndani ya magazeti ya Kiingereza. Baada ya uhuru, Mwalimu Ireri akiwa kijana anayeanza kufundisha, gazeti lilifika Gachoka likiwa limechelewa siku nzima, na walimu wakaligawana kurasa: huyu habari, huyu mpira, huyu fumbo. Fumbo lenyewe lilikuwa limenunuliwa tayari kutoka ng'ambo.

"Lilitaka nijue mito ya Uingereza," alisema. "Nikaijua. Nilijua mito ya Uingereza kabla sijavuka mto Thuci hapa kwetu."

Ndipo akaanza kuchora ya Kiswahili ubaoni kila Ijumaa mchana, saa ambayo darasa la saba hakuna kingine linachoweza kufundishwa. Watoto wale walikataa kwenda nyumbani kabla ya mraba wa mwisho kujaa. Nilimuuliza ni kwa nini watu wanalipenda hivyo, hali hakuna wanachopata. Alifikiri hadi ndizi ikaisha.

"Nyumbani unaacha mambo mengi wazi. Hujui mvua itakuja lini, hujui mtoto atapita ama ataanguka. Hapa kila pengo lina kitu chake, na kitu hicho kinaenea. Mtu anataka kuona hivyo hata mara moja kwa wiki."

Sasa niseme jambo la ufundi, kwa anayetaka kujaribu. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Ukipanga maneno yako ya kulia yote yaishie kwenye ukingo mmoja, ukingo ule unajaa a na i na u peke yake, na hakuna neno la kushuka linaloweza kupita pale likabaki neno. Waingereza maneno yao yana ncha ngumu za kushikia. Ya kwetu yanateleza. Mwalimu alinifundisha kuanzia miisho: panga miraba myeusi kwa ngazi, kama matuta ya shamba la mteremko, ili kila neno liishie mahali pake. Kisha yapo maneno madogo ya kuokoa maisha: oa, ua, au, ama, ila. Neno "ua" lilikuwa limetumika hadi likachakaa. Mwalimu aliniruhusu kulitumia kwa kipimo, kama dawa ya usingizi.

Fumbo langu la kwanza nilitunga kwa majuma mengi. Nilitaka lisipate wa kulilaumu, kwa hiyo nililijaza maneno ambayo niliyaona kwenye kamusi tu, hasa ya nanga na matanga, maana niliamini Kiswahili safi ni kile kinachonukia bahari. Mwalimu alilisoma lote kimya. Halafu akavua miwani.

"Kanana. Gachoka mto wenyewe unakauka. Wewe unaniuliza tanga la mbele linaitwaje?"

"Lipo kwenye kamusi, Mwalimu."

"Kwenye kamusi kuna mengi. Andikia mtu aliyechoka. Ametoka shambani, amenawa, ameketi. Mpe kitu anachokijua lakini kimejificha kidogo. Akikipata asikusifu wewe. Ajisifu yeye."

Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi nikatunga jingine lenye majembe, mbolea, harusi na mvua. Lilichapwa. Hakuna aliyelisifu, na Mwalimu akasema hiyo ndiyo alama nzuri.

Baada ya miaka kadhaa alisema macho yake sasa yanataka kutazama mbali. Akarudi kwenye shamba lake la muguka, yale majani ya kutafuna, na mbuzi wake, na fumbo likawa langu. Hapo ndipo taabu ya wenzangu ilipoanza. Yeye alikuwa akileta bahasha na kwenda zake. Mimi nilikuwa mle mle ofisini, na sikujua kuachilia. Ukurasa ulipangwa kwenye kompyuta na Muthomi, kijana wa Nkubu mwenye subira ndefu lakini yenye mwisho. Nilimpelekea fumbo asubuhi, nikalirudisha kubadilisha kidokezo kimoja, nikalirudisha tena kukirejesha kilivyokuwa.

"Kanana, hii umeniletea jana."

"Ile ya jana ilikuwa na 'na'. Hii haina."

"Na tofauti?"

"Tofauti ndiyo hiyo."

Mhariri wetu, Madam Wanja, mama wa Embu aliyesema kwa sauti ya chini hadi watu wakawa wanaogopa, aliniambia mara kwa mara kwamba gazeti linalosubiri ukamilifu linaitwa kitabu. Nilikubali kwa kichwa, nikaenda kurekebisha kitu.

Wiki moja ya msimu wa kahawa nilizidisha. Niliurudisha ukurasa kwa Muthomi hadi jioni, na gari la kupeleka kurasa kwa mpiga chapa lilikuwa limewashwa nje, dereva akipiga honi. Katika haraka ile Muthomi aliweka vidokezo vipya, lakini jedwali la miraba alilolivuta lilikuwa la wiki iliyopita. Ijumaa gazeti likatoka hivyo. Kidokezo kilitaka neno la herufi sita, miraba ilikuwa minne. Namba zilikwenda huku na vidokezo kule. Lilikuwa fumbo lisilojazika na mwanadamu yeyote.

Nilipoliona, nilikwenda moja kwa moja kwa Muthomi. Muthomi alisema kosa ni lake, mimi nikasema ni langu, na kwa mara ya kwanza tulibishana kila mmoja akidai hatia. Kisha nikakaa karibu na simu ya ofisi kusubiri matusi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, na nilikuwa nimeyarekebisha.

Hakuna aliyepiga. Ijumaa ilipita, Jumamosi ikapita. Jumatatu Madam Wanja akaniita.

"Wangapi wamelalamika?"

"Hakuna, Madam."

"Hata mmoja wa kutukana?"

"Hata wa kutukana."

Alikunja gazeti taratibu. "Ningepata matusi ningefurahi. Tukikosea jina kwenye tangazo la kifo, ukoo mzima unajaa hapa nje. Fumbo zima limeharibika na hakuna aliyeona. Wewe unaelewa hiyo inasema nini?"

Nilielewa.

"Kuna mwenye vifaranga anataka hiyo kona, kila wiki, mwaka mzima. Nimekuwa nikimzungusha kwa sababu yako. Jumatano tukipanga kurasa, kama hakuna kitu kimenibadilisha mawazo, vifaranga vinaingia. Wewe utarudi dirishani. Si adhabu, Kanana. Hatuwezi kuchapa kitu ambacho hakuna anayekisoma."

Nilitoka nje nikampigia Mwalimu Ireri. Nilisikia mbuzi kabla ya kumsikia yeye. Nilimweleza yote, na nikangoja anipe mbinu ya kutunga fumbo la kuokoa fumbo. Badala yake akaniuliza, "Umewahi kuwaona wakilijaza?"

"Akina nani?"

"Watu."

"Hapana, Mwalimu."

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasahihisha."

Alicheka hadi akakohoa. "Mimi nilikuwa na darasa. Niliona nyuso zao. Wewe umekuwa ukipitisha karatasi chini ya mlango na kukimbia. Nenda uone."

Dereva wetu wa magazeti ndiye aliyeniambia niende Githongo, upande wa Meru. Alisema kule anashusha nakala chache, lakini kuna karani wa kiwanda cha kahawa ambaye hawezi kutoa pesa kabla ya kufungua kona ya fumbo na kuhakikisha ipo. Jumanne niliomba ruhusa, nikaenda.

Nilifika kiwandani alasiri. Mnaochuma kahawa mnajua saa ile: watu wamemwaga buni kwenye magunia yaliyotandikwa, wameinama wanachagua nyekundu na kuondoa mbichi, na foleni ya mizani haisogei. Niliwasalimu kwa Kimeru, "Muga," wakaitikia bila kuinua vichwa. Karani nilimkuta kwenye dirisha la mizani. Aliitwa Kirimi, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni. Nilimuuliza kama anasoma lile gazeti la Embu.

"Nasoma. Kwani kuna nini?"

"Fumbo. Mimi ndiye hulitunga."

Alinitazama juu hadi chini, halafu akapaza sauti kwenye foleni kwa Kimeru. Vichwa vyote vikainuka. Mama mmoja aliyekuwa amepiga magoti kwenye gunia, kilemba cha manjano, mikono imejaa utomvu wa buni, alisimama akaja karibu. Walimwita Mama Nkatha.

"Wewe?" akasema. "Sisi tulijua ni mzee. Tena mzee mwenye roho mbaya."

Watu wakacheka. Kirimi akaniambia jinsi wanavyofanya. Nakala ni moja. Yeye husimama dirishani na kusoma vidokezo kwa sauti, foleni hujibu ikichagua buni, na jibu likikubalika huliandika. Baadhi yao hawasomi Kiswahili vizuri, lakini wanakisikia. Anayefikishwa kwenye mizani kabla ya neno kupatikana humwachia nafasi aliye nyuma yake, ili asikose jibu. Nilikuwa nikiwawazia wasomaji wangu wakiwa peke yao, kila mtu na meza yake na penseli yake, kimya kama kanisani.

"Na hili la Ijumaa?" nikauliza.

Mama Nkatha alipiga kofi la mikono yake michafu. "Hili ulituchokoza! Kirimi alisoma, tukajibu, anataka kuandika, miraba inakataa. Akasema, hii ni ile ya wiki jana tulimaliza. Tukasema, sawa, mzee amechoka kuyajengea maneno nyumba, anatupatia watu tu, tuwajengee sisi."

Wakanizungusha nyuma ya kibanda cha mizani. Pale kuna ukuta uliopakwa rangi nyeusi wa kuandikia matangazo ya wakulima. Matangazo yalikuwa yamefutwa. Ukuta mzima ulikuwa jedwali, lililochorwa kwa chaki, ubao ukiwa rula, na ndani yake kulikuwa na maneno yangu. Walikuwa wamejibu vidokezo vyote kwanza, wakahesabu herufi, wakatafuta mahali ambapo neno linaweza kupita ndani ya neno, wakafuta, wakajenga upya.

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza nilichoona ni kasoro. Lilikuwa limepinda. Upande wa kushoto ulikuwa mzito na wa kulia mtupu. Miraba haikulingana ukubwa, na namba hazikufuata utaratibu wowote. Maneno mawili yalining'inia pembeni yakiwa yameshikwa na herufi moja tu. Mkono wangu ulikwenda kwenye mkoba kutafuta raba, kwenye ukuta wa chaki.

"Mbona hamkupiga simu?" niliuliza. "Namba ya ofisi ipo pale chini."

Kirimi alishangaa. "Tupige tuseme nini? Kwamba tumeshindwa?"

"Na umesikia hao wa kiwanda cha Kariene wamepiga?" akauliza Mama Nkatha kwa wasiwasi. "Kama hao wamelimaliza, usituambie."

Nikawaambia haikuwa uchokozi, ilikuwa kosa la ofisi. Hawakuniamini hata kidogo. Mama Nkatha aliwaambia wenzake kwa Kimeru kwamba msichana huyu anajificha ili wiki ijayo awatege tena. Ndipo nilipoona lile neno. Katikati ya ukuta, likishuka chini, palikuwa na MKEWE. Nilirudia vidokezo vyangu kichwani. Kulikuwa na kimoja kilichosema: huamsha mkulima kabla ya jua, herufi tano.

"Hapa," nikasema polepole, "jibu ni jogoo."

"Nani amesema?"

"Mimi, Mama. Ndiye niliuliza."

"Jogoo huwika," akasema Mama Nkatha. "Huwika, mwanamume anageuka upande ule mwingine anakoroma. Nani anamwamsha? Waulize hawa."

Wanaume wa kwenye foleni waliangalia buni zao. Nilihesabu herufi. Zilikuwa tano. Katika jedwali langu herufi za maneno mengine zingemkatalia, lakini jedwali langu hawakupewa. Kwenye lao, M ilikaa ndani ya SHAMBA, W ndani ya KAHAWA, na ukiling'oa neno lile ukuta wote unaanguka.

Nikawaeleza nilichokuja nacho: kwamba kesho kona yetu inapewa mtu wa vifaranga, kwa sababu mhariri anaamini hakuna anayejaza.

"Vifaranga?" Kirimi akatoa penseli sikioni. "Sasa sisi tutajaza vifaranga?"

Nilinakili ukuta wao kwenye daftari langu la hesabu, ulivyopinda vilevile. Nikawaachia namba ya Madam Wanja, nikawaomba wampigie asubuhi, wamwambie kwa heshima kwamba wanalithamini fumbo. Hata nilimwandikia Kirimi sentensi ya kusema.

Jumatano nilikuta vifaranga tayari kwenye kompyuta ya Muthomi, wa manjano, wamepangwa safi. Hakuniangalia. Simu ya Madam Wanja ililia tukiwa tumesimama pale, na mpigaji alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka shamba la ng'ambo, kwa hiyo ofisi nzima ilisikia.

"Ni wewe mkubwa wa gazeti?"

"Ndimi. Nani mwenzangu?"

"Mama Nkatha wa Githongo. Huyo msichana wako anasema jogoo. Sisi tunakataa."

Madam Wanja alinigeukia. Nikatazama sakafu. "Mama, sijaelewa. Jogoo yupi?"

"Huamsha mkulima kabla ya jua! Herufi tano!"

"Ahaa. Si ni jogoo, basi."

"Madam, umeolewa?"

Muthomi aliinamisha kichwa mezani.

"Nimeolewa," akasema Madam Wanja kwa ile sauti yake ya chini.

"Bwanako anaamshwa na jogoo?"

"Sisi tunakaa mjini, mama. Hatuna jogoo."

"Kwa hiyo anaamka peke yake?"

"Peke yake?" Sauti ya mhariri wetu ilipanda, na sikuwa nimewahi kuisikia huko juu. "Yule? Mama, mimi namwita hadi..." Kutoka Githongo kilitoka kicheko cha foleni nzima.

Akapokea Kirimi, akaanza kusoma ile sentensi niliyomwandikia, akanyang'anywa simu na mzee mmoja aliyetaka jogoo arudishwe kwa sababu yeye huamshwa na jogoo, mkewe akiwa ameenda kwa mtoto wao Nairobi. Mama Nkatha akamjibu kutoka nyuma. Madam Wanja akavuta kiti, akaketi, akanipungia mkono nimpe daftari. Alipata ule ukuta, akaweka kidole kwenye MKEWE, akafuata herufi moja moja kwenda pembeni huku akibishana na mzee. "Hapana, baba, ukitoa hilo, SHAMBA litashikwa na nini?" Alikaa hivyo hadi chai yake ikapoa.

Alipokata simu alijipangusa macho. "Muthomi, peleka vifaranga ukurasa wa nyuma. Mwenyewe nitaongea naye." Kisha akanirudishia daftari. "Kanana, wiki hii majibu utakayochapa ni haya yao. Si yako."

"Madam, limepinda."

"Nimeona."

"Upande wa kulia hauna kitu. Na neno lenyewe, kusema kweli..."

"Linaenea ama halienei?"

Linaenea.

Nilikaa mezani na rula. Ningeweza kusogeza safu moja tu, miraba ikalingana kidogo. Ningeweza kuweka namba kwa utaratibu, na hakuna mtu Githongo angekasirika. Penseli ilikuwa mkononi na ilikuwa imechongwa. Nilimkumbuka karani yule akitazama kona ya fumbo kabla ya kutoa pesa, na Ijumaa atakapofungua akaukuta ukuta wao. Nikaupeleka ukurasa kwa Muthomi jinsi ulivyokuwa, nikarudi kukaa.

Alingoja nirudi kurekebisha. Baada ya muda akageuka kwenye kiti, akanitazama, akatazama saa ya ukutani, ambayo haikuwa imefika hata saa ya chai.

"Kanana," akauliza, "unaumwa?"